Jumatano Isiyo na Maksi

Jua halijachomoza, na Bi Chupa anapika uji ambao hakuna mtu atakayeunywa.

Jiko lenyewe ni la spiriti, limewekwa juu ya meza ndefu ya saruji mwisho wa maabara ya shule ya sekondari, chini ya dirisha ambalo kioo chake kimoja kimezibwa kwa kipande cha boksi. Anachanganya unga wa wanga na maji baridi kwenye kikombe mpaka ulainike kama maziwa, kisha anaumimina taratibu kwenye maji yanayochemka huku akikoroga kwa kijiti cha kioo. Hainui macho mpaka uji ung'ae.

"Ukitia unga mkavu kwenye maji ya moto unapata madonge," anasema. "Na donge moja tu likiingia kwenye neli ya kioo ya mtoto siku ya mtihani, basi. Anaacha swali, anaanza kupigana na donge."

Leo ni Jumatano, na wanafunzi wa kidato cha nne wana mtihani wa vitendo wa Baiolojia, ule wa kujipima kabla ya mtihani wa taifa. Kila mmoja atakuta mbele yake neli za kioo, kichupa cha iodini na uji huu mwepesi, ambao kwenye karatasi ya maswali unaitwa kwa heshima "Sampuli A". Ukidondosha iodini kwenye wanga, rangi inageuka kuwa bluu-nyeusi. Hilo kila mwanafunzi wa sayansi analijua, na wengi walilijua kabla ya kuliona.

Bi Chupa ndiye mtunza maabara, mwaka wa thelathini na moja sasa, na mwisho wa mwaka huu anastaafu. Jina lake halisi linajulikana na mhasibu peke yake. Hili la Bi Chupa alipewa na wanafunzi kwa sababu hajawahi kutupa chupa: za dawa ya kikohozi, za mafuta ya nywele, za jemu, zote ameziosha, amezibandika karatasi na kuzipa kazi. Ana kwa ana wanamwita Mama.

"Wanadhani sijui," anasema, na bega linamcheza kwa kicheko. "Kuna mmoja alikuja nyumbani akabisha hodi, akauliza, 'Bi Chupa yupo?' Mume wangu akamjibu, 'Yupo, ila hana kizibo.'"

Mume huyo ni fundi baiskeli, na utani ndio mtaji wake wa pili. Anapenda kuwaambia wateja kwamba ameoa mwanamke anayepika kila siku na bado yeye analala njaa.

Bi Chupa mwenyewe aliajiriwa kufagia. Hakuna siku mshahara wake ulipita wa mlinzi wa geti kwa zaidi ya bei ya jozi ya viatu, na hilo analisema bila kinyongo, kama mtu anayetaja urefu wake. Aliyemtoa kwenye ufagio akamtia kwenye neli ni mwalimu wa Baiolojia wa zamani, ambaye sasa ni marehemu. Alikuwa mrefu, mwenye vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi, aliyekuwa akisahau chai yake kwenye rafu za sumu.

"Nimeshamwaga chini vikombe vyake vingapi, Mungu ndiye anajua," anasema Bi Chupa. "Alikuwa akisema, 'Mama, kuna siku utaniua.' Namwambia, mwalimu, mimi ndiye ninayekuchelewesha kufa."

Kumbukumbu ya mwalimu huyo inamrudisha kwenye jambo linalomnyima usingizi wiki hii nzima, na jambo hilo si mtihani wa asubuhi.

Saa tisa alasiri bodi ya shule inakaa. Ajenda ni nyingi, lakini moja inamhusu: Jumatano. Kwa zaidi ya miaka ishirini, kila Jumatano baada ya vipindi, maabara hii imekuwa wazi kwa mwanafunzi yeyote. Haandikwi jina, hapewi maksi, haulizwi yuko kidato gani. Anakuja kuangalia, kuchanganya, kuharibu kidogo na kuuliza. Sasa mkuu wa shule anataka saa hizo mbili ziende kwenye kufanya maswali ya mitihani ya miaka ya nyuma, na maabara iingizwe madawati.

Mkuu ana sababu zake. Mwaka jana watahiniwa walikuwa sitini na wanne, na waliopata alama za kuendelea na masomo hawakufika ishirini. Wazazi walikuja juu.

Asiyekuwepo na lake halipo, na Bi Chupa si mjumbe wa bodi. Kwa hiyo leo atakoroga uji, atapanga neli, ataosha neli, na roho yake itakuwa kwenye chumba kingine.

Jumatano hizo zilizaliwa na kosa lake mwenyewe. Anaisimulia habari hiyo huku akifuta vichupa vya iodini kimoja kimoja.

Ulikuwa mtihani kama huu wa leo, enzi ambazo hata kengele ya shule ilikuwa rimu ya gari. Uji ulikwisha kupikwa Jumatatu, mara likaja tangazo kwamba karatasi za maswali zimechelewa. Mtihani ukasogezwa mpaka Jumatatu iliyofuata. Yeye akafunika bikari lake, chombo cha kioo alichopikia, akaliweka kabatini, na wiki moja baadaye akalitoa akaujaza uji uleule kwenye neli. Joto lilikuwa kali wiki hiyo.

"Uji wa wanga ukikaa unachacha, na ukichacha ule wanga unaliwa na vijidudu mpaka unakwisha," anasema. "Ukitia iodini hakuna kinachobadilika. Inabaki na rangi yake ya chai isiyo na maziwa. Mimi hayo nilikuwa nayajua. Nilifanya uvivu tu, nikajiambia wiki moja si kitu."

Darasa zima likadondosha iodini. Darasa zima likaandika: bluu-nyeusi, wanga upo. Walikuwa wamelikariri jibu hilo toka kidato cha kwanza, wakalitoa kama mtu anavyoitikia salamu. Msichana mmoja tu, mkimya wa dawati la nyuma, aliandika kwamba hakuona mabadiliko yoyote.

Akapewa sifuri. Pembeni mwalimu akamwandikia kwa wino mwekundu, "Tazama vizuri."

Bi Chupa alikuja kugundua kesho yake, wakati wa kuosha. Neli zote zilikuwa na rangi ya chai. Akadhani iodini ndiyo mbovu, akaijaribu kwenye kipande cha mkate, mkate ukawa mweusi palepale. Akabeba neli mbili mkononi mpaka chumba cha walimu.

"Mwalimu alicheka kwanza," anasema. "Kisha akachukua karatasi zake akawa anazipitia, bluu-nyeusi, bluu-nyeusi, bluu-nyeusi. Mimi nasubiri kufukuzwa kazi. Akaniambia, 'Mama, wewe umeharibu uji. Mimi nimeharibu macho ya darasa zima.'"

Sifuri ile ilifutwa. Mwalimu alimwita yule msichana mbele ya darasa, akamwomba radhi, na wiki iliyofuata akabandika tangazo mlangoni: Jumatano, maabara wazi, njoo utazame.

Na yule msichana?

"Alimaliza, akahama na wazazi wake, sikumsikia tena," anasema Bi Chupa, na kitambaa kinasimama mkononi. "Ningependa kujua aliko. Kuna watu wanapita maishani mwako hujawahi hata kuwapa chai, na bado unawakumbuka."

Saa mbili kamili mlango unafunguliwa. Wanafunzi wanaingia kimya kimya, wamebana kalamu zao, na hewa ya maabara inabadilika. Siku ya mtihani mtunza maabara haruhusiwi kusema neno. Bi Chupa anasimama kando ya sinki, mikono nyuma, na macho yake ndiyo yanayotembea.

Anaona mengi. Mvulana wa meza ya kwanza anaharakisha hata kichupa chake kinagonga neli. Wa pembeni yake amejaza jibu la Sampuli A kabla hajagusa chochote, kisha akadondosha iodini kwa adabu, kama mtu anayetimiza mila, bila kuinama kuangalia. Si yeye peke yake.

Miaka ya mwanzo ya Jumatano zile, Bi Chupa anakumbuka, wanafunzi walikuwa wakipiga kelele ya chini rangi ilipogeuka. Hata siku ya mtihani. Msimamizi alilazimika kugonga meza.

Wakati wa mapumziko, mkuu wa shule anakubali kuzungumza ofisini kwake, mlango ukiwa wazi ili auone uwanja. Ni mwanamke wa makamo, mwenye maneno ya haraka na kicheko kinachokuja bila kutarajiwa. Alisoma hapahapa. Alikuwa katika darasa lile la uji uliochacha, na wenzake walikuwa wakimwita Redio, kwa sababu ukimuuliza ukurasa wowote wa kitabu anakutangazia.

"Baba yangu alikuwa akibeba mizigo sokoni," anasema. "Hatukuwa na mjomba mwenye cheo, hatukumjua mtu. Mtihani haukuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Uliniuliza jibu, nikalitoa, nikasomeshwa. Sasa mtu akiniambia mitihani inaharibu watoto, namwambia sawa, lakini mtoto wa mbeba mizigo atapitia mlango gani mwingine? Nionyeshe."

Anaongeza kwamba mtoto asiyepimwa mara nyingi hasomi, na kwamba anawajua wanafunzi wake: wengi hawafungui daftari mpaka wasikie tarehe ya mtihani. Siku wakisikia, wanasoma, na kusoma huko kwa hofu si bure, kuna kinachobaki.

Akiulizwa siku ile aliandika nini kwenye Sampuli A, anacheka kicheko chake, kisha kinakatika.

"Bluu-nyeusi. Niliona rangi ya chai, nikaandika bluu-nyeusi. Nilidhani macho yangu ndiyo yamekosea."

Bi Chupa hapingani na mkuu wake kama mtu angetarajia. Maneno ya mbeba mizigo yanamgusa, maana watoto wake wawili nao walivuka kwa mlango huohuo, mmoja ni muuguzi, mwingine anafundisha. Anachokisema anakisema kwa lugha ya jikoni.

"Mtihani ni kufunua sufuria. Lazima ufunue, utajuaje kama wali umeiva? Lakini ukifunua kila dakika mvuke wote unatoka, unakuja kula mchele. Na siku hizi tunafunua kila wiki. Jaribio la Ijumaa, jaribio la mwezi, la nusu muhula, la muhula. Sasa wali utaiva saa ngapi?"

Saa nane na nusu wanaanza kuja watu wa Jumatano.

Wanaingia kwa namna tofauti na asubuhi. Wanasukumana mlangoni, wanaitana, mmoja ana kopo lenye konokono ambaye anasema amelala siku ya tatu na anataka kujua kama amekufa au ni mvivu. Wawili wanagombea hadubini kutazama nywele, kila mmoja akidai ya kwake ndiyo nene. Mtoto wa kidato cha kwanza, mpya, amesimama katikati akitazama chupa zilizojaa rafuni, mdomo wazi.

"Karibu, mwanangu," Bi Chupa anamwambia. "Unataka kuona nini?"

"Sijui, Mama."

"Vizuri. Hapo ndipo pa kuanzia."

Ni chumba kilekile cha asubuhi, meza zilezile za saruji zenye vidoa vya miaka yote. Bi Chupa anavijua vidoa hivyo. Hapa aliunguzia sukari yule aliyekuja kuwa mwokaji. Pale kuna alama ya wale mapacha waliootesha maharage kwenye vikombe gizani kabatini, wakayasahau likizo nzima, wakakuta mashina meupe yamerefuka kutafuta ufa wa mlango. Walikaa wakiyatazama mpaka kengele ikalia. Hakuna mtihani uliowahi kuuliza habari ya maharage yale, na Bi Chupa ana hakika mapacha hao hawajayasahau mpaka leo.

"Nawakumbuka," anasema kwa sauti ya chini. "Naona kama bado wako humu."

Inapogonga saa tisa anatazama saa ya ukutani mara moja tu. Ng'ambo ya uwanja, madirisha ya chumba cha mikutano yamefungwa.

Baada ya muda anaingia msichana wa kidato cha nne, sare bado imenyooka, kalamu bado mfukoni. Ni mmoja wa watahiniwa wa asubuhi. Anasubiri mpaka Bi Chupa yuko peke yake kwenye sinki.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mtihani ulikuwaje?"

"Ulikuwa mzuri. Nimejibu yote." Anachezea kifungo cha sweta yake. "Mama, naomba ile Sampuli A tena. Kama imebaki."

"Unaitakia nini, na umeshajibu?"

"Asubuhi sikuitazama. Niliandika tu."

Bi Chupa anachukua neli safi, anaijaza nusu, anampa na kichupa. Msichana anadondosha tone moja. Rangi inashuka kama uzi, inajikunja, inatanuka, kahawia inakufa na bluu inazaliwa mpaka neli nzima inakuwa nyeusi kama usiku usio na mwezi. Anaiinua kwenye mwanga wa dirisha, anaigeuza huku na huku.

"Kumbe haianzi nyeusi," anasema. "Inaanza pembeni."

Yule mpya wa kidato cha kwanza amesogea, amesimama chini ya kiwiko chake, naye anatazama. Bi Chupa anajifanya ana kazi nyingi kwenye sinki. Machozi yamemlengalenga, na wala hafichi sana.

Saa kumi na moja kasoro, watoto wakiwa wameshatawanyika, mkuu wa shule anavuka uwanja peke yake. Anaingia, anavuta kigoda, anakaa kwenye meza ileile aliyokuwa akikaa alipokuwa Redio.

"Imepita, Mama," anasema. "Kuanzia muhula ujao Jumatano ni maswali ya miaka ya nyuma. Na sitakudanganya, hawakunilazimisha. Nimeinua mkono mimi mwenyewe."

Bi Chupa anakausha bikari, analiweka rafuni, anachukua lingine.

"Nilijua, Mkuu."

"Una hasira na mimi."

"Nina huzuni. Hasira ni ya vijana." Anakausha. "Una watoto sitini unaotakiwa kuwavusha mto, na mtumbwi ulionao ni huo mmoja. Mimi sina sitini. Mimi nina yeyote anayekuja."

"Utafanya nini ukistaafu?"

"Nitakaa barazani kwangu. Baraza lipo, maji yapo, jiko lipo. Chupa ninazo nyingi kuliko mnavyojua, maana nyingine nimezipeleka nyumbani. Mume wangu nimemwomba mbao za benchi, amesema atalifunga breki ili watoto wasikimbie nalo." Anatabasamu kidogo. "Jumatano haikuwahi kuwa mali ya bodi. Nitaifungulia pale. Anayetaka kutazama, aje atazame."

Mkuu anatazama vidole vyake. Anasema polepole, bila haraka yake ya kawaida.

"Mwanangu yuko darasa la sita. Ni wa kwanza darasani, kila muhula. Ukimuuliza lolote anakujibu. Juzi nilikuwa namsikiliza, nikajikuta nahesabu. Mtoto ana miaka kumi na mmoja, na sikumbuki siku aliyowahi kuniuliza swali. Naomba aje kwako, Mama. Jumatano."

Bi Chupa anaacha kukausha.

"Na hawa wengine, Mkuu?"

Nje mlinzi anafunga geti dogo, mnyororo unasikika.

"Hawa wengine wana mtihani," anasema mkuu wa shule, na anapoyasikia maneno yake mwenyewe anafunika uso kwa viganja.

Bi Chupa anazunguka meza. Anamwekea mkono begani, kama ambavyo hajawahi kumwekea tangu awe mkuu wake, na hamwiti tena kwa cheo.

"Mlete, mwanangu," anamwambia. "Mwambie avae nguo kuukuu. Na wewe siku ukipata nafasi, njoo naye. Benchi ni refu."